Ukuta wa Udongo Utazame Miguuni



Mvua zilizopita mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu hapa Juba aliniita nimtazamie ukuta. Ukisoma uhandisi watu hudhani unajua kila kitu. Watoto huuegemea ukuta ule wakisoma Juzuu Amma, basi nikaenda.

Alinionyesha nyufa nyembamba za wima huko juu. Hizo hazikunitisha: udongo ukikauka husinyaa, na wenye mfinyanzi mwingi husinyaa zaidi. Nikainama. Chini palikuwa na lipu ya saruji, safi kabisa. Nilipoigonga ikalia kama debe tupu. Kipande kikabanduka, na nyuma yake palikuwa tope.

Udongo mkavu hubeba mzigo mzito wa kutosha, lakini ukilowa nguvu hupungua sana. Maji hupanda kutoka ardhini, mengine huruka kutoka paani. Lipu ya saruji huyazuia yasitoke. Kwetu kuta nyingi ni za tofali bichi au fito na tope. Za kushindilia, yaani udongo wenye unyevu kidogo unaotwangwa tabaka kwa tabaka katikati ya mbao, ni ngumu zaidi, ila nazo adui yao ni huyo huyo.

Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina ulijengwa kwa matofali mabichi, lakini msingi wake ulikuwa wa mawe. Ule wa Djenné, Mali, uliojengwa upya 1907, hupakwa tope jipya kila mwaka. Kwa hiyo nyumba ya udongo si aibu. Aibu ni kuiacha bila matunzo.

Ufa wa mshazari uliopenya pande zote mbili, au ukuta uliotoa tumbo, ni jambo jingine: toa watu kwanza, timazi baadaye. Udongo hauwezi kuvutwa, na tusisahau kwamba Mei 1990 tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7 lilipiga eneo hili.

Tulibandua lipu yote, tukachimba mfereji, tukarefusha upenu, na ukuta ulipokauka tukapaka udongo uliochanganywa na nyasi kavu. Kona ya mashariki ina tumbo, sijairidhia. Mwalimu alinuna kidogo, lakini darasa bado liko chini ya mwembe.