Mgeni Asiyebisha Hodi Kwenye Waifai Yako

*Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12*



Leo nianze na kisa cha ndugu yetu mmoja wa hapa hapa Mwenge. Ameniruhusu nikisimulie bila kumtaja. Anakaa nyumba ya kupanga: familia nne, geti moja, LUKU moja. Waifai ni yake, analipia kila mwezi. Juzi baada ya futari amekaa na watoto, TV inasoma Qur'ani kupitia YouTube. Ghafla kisomo kikakatika, ukaanza muziki na picha ambazo mzazi hawezi kukaa kuzitazama na wanawe. Akazima. Alipowasha, hazikupita dakika kumi, ikawa vile vile.

Akili yake ikaenda moja kwa moja kwa kijana wa chumba cha uani, maana kutwa yuko na simu. Akainuka kwenda kumkabili. Mkewe akamuuliza, "Baba watoto, umemuona?" Hakumuona. Akarudi akaketi.

Ndugu yangu, darsa letu lipo kwenye kule kurudi na kuketi. Katika Surat Hujurat, aya ya 6, Allah anatuamrisha tuhakikishe habari inapoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajutia. Na aya ya 12 inatukataza kudhaniana sana na kupelelezana. Kama habari uliyoletewa na mtu inataka uhakika, je hii uliyojitungia mwenyewe kichwani?

*Sasa unahakikishaje? Fuata hatua hizi.*

1. Andika kwenye karatasi vifaa vyote vya nyumbani vinavyotumia waifai: simu zenu, TV, kingamuzi, kompyuta, kamera, na ile simu kuukuu wanayochezea watoto. Wengi tunasahau hiyo ya mwisho.

2. Geuza rauta yako, utakuta karatasi imebandikwa yenye namba kama 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Ukiwa kwenye waifai hiyo, andika namba yako kwenye kivinjari cha simu, weka jina na paswedi ya kuingilia, kisha tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

3. Usishtuke ukiona majina ya ajabu. TV mara nyingine hujitokeza kwa jina la kiwanda kilichotengeneza kifaa chake cha waifai, wala si jina lililoandikwa mbele ya TV. Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020, hutumia anwani ya kubuni ili mwenye simu asifuatiliwe. Kwa hiyo simu ya mkeo inaweza kuonekana kama ya mtu usiyemjua.

4. Zima waifai kwenye kifaa kimoja kimoja, subiri kidogo, fungua orodha upya uone jina gani limetoka. Litakalobaki vingine vyote vikiwa vimezimwa, ukiacha la simu unayoangalizia orodha, hilo ndilo geni.

5. Ukilikuta, badilisha paswedi ya waifai, na ile ya kuingilia kwenye rauta pia. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS, ile ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe. Kisha rudisha vya kwako tu.

Ndugu yetu alifanya yote hayo, na orodha ikawa safi. Hakuna mgeni! Ndipo alipofungua mipangilio ya YouTube kwenye TV yenyewe, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, akakuta simu moja. Ni ya mpwa wake aliyekuja Idd iliyopita, akaiunganisha kwa namba ya TV. Sasa hivi yuko Morogoro. Simu iliyounganishwa hivyo inaweza kurusha video hata ikiwa mbali, bila kugusa waifai yako. Dogo kabonyeza bila kuangalia, video zikatokea Mwenge. Kwa hiyo kubadilisha paswedi ya waifai peke yake kusingesaidia. Ilibidi aiondoe simu ile pale pale kwenye TV.

Fikiria kama angeenda kule uani. Kijana amefunga, anaitwa mbele ya wapangaji wote, anaambiwa anarusha uchafu kwenye nyumba ya watu. Ungemwomba radhi kwa maneno gani?

*Na wewe unayetumia waifai ya jirani bila yeye kujua*, darsa hili ni lako pia. Surat Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwasalimie wenyewe. Na katika hadithi aliyopokea Sahl bin Sa'd, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, mtu alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (s.a.w.), naye akakemea na kubainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya macho. Ukishaingia kwenye waifai ya mtu unaweza kuiona TV yake, pengine hata picha alizoziweka wazi kwa familia yake. Na bando unalokula kalilipia yeye. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa.

Dawa yake ni nyepesi. Leo kabla ya futari gonga mlango, mwambie, "Kaka, nilikuwa natumia waifai yako, nisamehe." Huenda akakukatalia, basi rudi kwa wema. Huenda akakupa paswedi kwa mkono wake, na wewe ukachangia malipo. Na wewe mwenye waifai, ukijua jirani ana mtoto wa sekondari anayehangaika na masomo, kumfungulia saa mbili jioni ni sadaka. Rauta nyingi zina waifai ya wageni, yenye paswedi yake, tumia hiyo.

Kazi ya leo: kagua orodha yako. Ukikuta jina usilolijua, maliza kwanza hatua zote ndipo umtaje mtu.

Ewe Mola wetu, zihifadhi nyumba zetu, tusafishe na dhana mbaya juu ya majirani zetu, na utukubalie funga zetu. Aamin.

Tukutane tarawehe in shaa Allah.