Mara Mia Moja, au Mpaka Aweze? Tujifunze kwa Madaktari wa Mapafu

Sisi wa elimu tumezoea kudhani kwamba upimaji ni mali yetu. Muhula huu, kwenye kozi ya upimaji na tathmini, tuliambiwa tutafute taaluma nyingine inayopima vitendo badala ya maandishi. Nikachagua bronkoskopi, kwa sababu tu mwenzangu wa chumba anasoma udaktari na desa zake zimejaa mezani kwetu sote wawili.

Bronkoskopi ni kuingiza mrija mwembamba wenye kamera katika njia ya hewa mpaka ndani ya mapafu. Mwaka 1897, kule Freiburg, Ujerumani, daktari Gustav Killian alitumia mrija mgumu wa chuma kumtoa mgonjwa mfupa wa nguruwe uliomkwama. Mrija unaopindika ulikuja miaka ya 1960 kwa kazi ya Mjapani Shigeto Ikeda. Siku hizi kuna pia EBUS, mrija wenye ultrasaundi kwenye ncha: daktari huona tezi zilizo nje ya ukuta wa njia ya hewa, akazichoma kwa sindano kuchukua sampuli. Ndivyo wanavyojua kama saratani ya pafu imeshafika kwenye tezi au bado, na tiba inategemea jibu hilo.

Sasa kazi yenyewe ni ngumu, jamani. Pafu la kulia lina sehemu kuu tatu, la kushoto mbili, na kila moja ina matawi yake. Picha inazunguka kila unapogeuza mkono. Kamera ya EBUS haitazami mbele moja kwa moja, inatazama kwa mshazari, kwa hiyo daktari anaendesha chombo kuelekea mahali ambapo jicho lake halielekei. Na huku chini yake kuna mtu anakohoa.

Utamjuaje kwamba mwanafunzi ameiva? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kuhesabu. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2003 ulitaja bronkoskopi 100 chini ya usimamizi, na EBUS 50. Idadi ni rahisi kuandika kwenye daftari, na ni kweli kwamba asiyefanya hawezi kujua. Lakini watafiti walipofuatilia wanafunzi mmoja mmoja waliona hawapandi kwa kasi moja: mmoja anaiva mapema, mwingine anafika hamsini na bado anatafuta njia. Idadi inakuambia amefanya mara ngapi. Haikuambii amefanyaje.

Ndipo wakaja watu kama Henri Colt wa California na Lars Konge wa Copenhagen na fomu za kupima hatua kwa hatua. Je, ameingia kila tawi? Amegonga kuta? Akionyeshwa tezi kwenye skrini, anaitaja kwa jina? Shirika la Ulaya la magonjwa ya mfumo wa upumuaji lina mpango wa cheti cha EBUS wenye sehemu tatu: nadharia, kisha mashine ya kuigiza ambayo haina mgonjwa wa kuumia, kisha wagonjwa halisi chini ya msimamizi, na video za kazi hiyo hutumwa kwa watahini. Hapo mtahini anapima mikono. Sura haimo.

Waliosoma kozi yetu watakuwa wameshaikumbuka piramidi ya George Miller ya mwaka 1990: kujua, kujua namna, kuonyesha, kutenda. Mtihani wetu wa mwisho wa muhula unaishia ghorofa ya kwanza, ukibahatika ya pili. Mtu anapiga msuli usiku mmoja, anapata A ya mbinu za kufundisha, na hajawahi kusimama mbele ya watoto sabini.

Halafu tunakwenda mazoezi ya kufundisha. Msimamizi anakuja mara moja, wengine mara mbili, anakaa nyuma dakika arobaini, anajaza fomu ambayo wengi wetu hatujaiona kabla. Mwenzako kapata 82, wewe 64, na hakuna anayejua kwa nini. Kwani mwalimu mbovu haumizi? Anaumiza, ila taratibu, na hakuna anayekohoa.

Najua simuleta ni ghali, na hata hospitali nyingi za kwetu hazina. Mimi siombi mashine. Fomu ni karatasi, na simu ya kurekodi somo kila mtu anayo. Naomba mambo mawili: tupewe fomu ya tathmini kabla ya kwenda shuleni, na angalau somo moja lirekodiwe, kwa ruhusa ya shule, lipimwe na mtahini wa pili asiyetufahamu.

Barua kwa mkuu wa idara imeshaandikwa. Wanaotaka kuisoma kabla ya kuweka sahihi wanipate ofisi ya serikali ya wanafunzi, Jumatano baada ya saa kumi jioni.