Jiko la Makaa Chumbani: Kwa Nini Pumzi Haikuonyi

Msimu wa baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wengi wa Kitengela na maeneo mengine ya Kajiado huingiza jiko la makaa ndani ya nyumba na kufunga madirisha. Wengi husubiri makaa yakolee na moshi uishe, wakidhani kwamba hatari imekwisha. Sivyo. Ili kuelewa sababu, ni muhimu kujua jinsi ubongo unavyoongoza pumzi.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, hata akiwa usingizini. Kazi hiyo husimamiwa na shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Amri husafiri kupitia neva hadi kwenye kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, hewa huingia mapafuni. Kikipanda, hewa hutoka.

Ubongo hujuaje kwamba hewa haitoshi? Kipimo chake kikuu ni kaboni dioksaidi, gesi tunayoitoa tunapopumua. Ikizidi mwilini, shina la ubongo huamuru tupumue kwa kasi zaidi. Ukibana pumzi, ni gesi hiyo hasa inayokulazimisha kuvuta hewa tena. Shingoni pia, kando ya mishipa mikubwa ya damu, kuna viungo vidogo vinavyopima oksijeni.

Makaa yanayowaka hutoa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kuchukua nafasi yake. Shina la ubongo halina kipimo cha gesi hii. Vile viungo vya shingoni navyo hupima oksijeni iliyoyeyuka katika damu, si ile iliyobebwa na chembechembe, kwa hivyo havigundui upungufu huo. Mtu hukosa oksijeni bila kuhisi kwamba anakosa hewa. Aliyelala anaweza kufariki bila kuamka.

Dalili za mapema ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ikiwa watu kadhaa nyumbani wanaumwa na kichwa pamoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, shuku jiko.

Wakazi wanahimizwa kuzingatia yafuatayo:

• Usilale na jiko la makaa chumbani, hata kama dirisha liko wazi kidogo.
• Kufunika makaa kwa majivu hakuzuii gesi. Liache jiko nje.
• Ukimkuta mtu amezirai, fungua milango na madirisha, mtoe nje haraka, kisha piga 999 au 112.
• Mpeleke hospitali iliyo karibu hata akizinduka, na uwaeleze wahudumu kwamba kulikuwa na jiko ndani.

Tafadhali mweleze jirani yako pia, hasa mwenye watoto wadogo au mama mjamzito nyumbani.