Moyo Uko Mtini: Mafunzo Niliyopata kwa Betri ya Sola na Vitabu vya Hekaya

Bibi yangu mzaa mama hakuwa akisimulia hadithi mchana. Ukimwomba jua likiwa juu, atakwambia utaota mkia. Tulimwamini, tukangoja usiku.

Nilipostaafu ualimu mwaka 2017 na kurudi nyumbani Pangani, nilisafisha chumba cha nyuma kilichokuwa kimejaa makuti na nyavu mbovu, nikatandika jamvi na kupanga vitabu vya watoto hamsini na kitu: sungura na fisi, kobe na mbio zake, hekaya za Aesop, vingi vikiwa na picha. Mchana watoto wako shule, kisha kisimani, kisha ufukweni. Wanakuja baada ya Magharibi. Nguzo za umeme wakati huo zilikuwa zimeishia barabarani, kwa hiyo hadithi zangu zilitegemea usiku, na usiku ukategemea betri. Haya ndiyo niliyojifunza, mengi kwa hasara.

1. Betri ya gari si betri ya sola

Muuzaji aliniambia, "Betri ni betri, mama." Nikalipa. Baada ya miezi minane ilikuwa haikeshi hata saa moja.

Fundi alinieleza jambo ambalo muuzaji alipaswa kunieleza. Betri ya gari ina sahani nyembamba za risasi. Kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha inajazwa upya gari likitembea. Ya sola ina sahani nene, kwa sababu inatoa kidogo kidogo usiku kucha na kujazwa kesho yake. Ukiilazimisha ya gari ifanye kazi ya sola, sahani zake zinachakaa upesi.

Aibu yenyewe ni kwamba nilirudi duka lile lile. Muuzaji akasema ya kwanza ilikuwa ndogo tu, akanipa kubwa zaidi ya aina ile ile, nami nikaibeba. Wiki hiyo tulikuwa tukisoma kisa cha punda wa dobi. Simba mgonjwa alimtuma sungura amletee punda. Punda akaja, simba akamrukia, punda akaponyoka. Sungura akamfuata tena kwa maneno matamu, na punda akarudi! Mara hii hakutoka. Sungura akala moyo na masikio, na simba alipoviulizia akajibiwa: angekuwa navyo huyu, angerudi?

Msichana mmoja wa darasa la tatu aliitazama betri mpya, akanitazama mimi, kisha akajifunika uso kwa kitabu. Hakusema neno. Wenzake walicheka mpaka nikacheka nami.

2. Nusu ya betri si yako

Betri yangu ya tatu ndiyo ilikuwa ya sola kweli: volti 12, ampea-saa 100. Zidisha, unapata wati-saa 1,200. Nilihesabu kama mtu anayehesabu mshahara kabla ya makato. Betri ya risasi ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo zilizo zangu ni 600. Paneli yangu ilikuwa ya wati 100. Kwa saa tano za jua zuri karatasi inasema 500, lakini joto, vumbi, pembe ya paa na upotevu wa betri yenyewe huchukua zaka yao, na siku ya mawingu hupati hata nusu ya hizo.

Taa zangu sita za wati tano kwa saa tatu zilikula wati-saa 90. Hesabu ilikuwa nyepesi mno, nikajiona tajiri. Nikaruhusu simu za majirani. Kisha ikaja Juni 2019.

Taifa Stars walikuwa wamefuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, na usiku wa tarehe 27 walicheza na Harambee Stars mjini Cairo. Vijana walikuja kwa adabu zote. "Shikamoo bibi. Ni leo tu, bibi. Mara moja katika miaka thelathini na tisa." Ungewakataliaje? Wakaleta televisheni, king'amuzi na inveta. Zilikuwa siku mbili za mawingu, watoto walikuwa wameshasoma jioni yote, na mechi yenyewe ilianza usiku mkubwa. Tanzania ikatangulia, Kenya ikasawazisha, Tanzania ikatangulia tena, Kenya ikasawazisha tena. Hapo inveta ikalia, giza likaingia. Watu walikwenda kulala wakiamini ni mbili kwa mbili. Asubuhi redio ikawaambia Olunga wa Kenya alifunga la tatu, na nakwambia mpaka leo wapo wanaodai kwamba chumbani kwangu Tanzania haikufungwa.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba inveta ingenilindia betri. Inveta nyingi ndogo huzima volti zikishuka kufika karibu 10.5, na hapo betri ya risasi imeshakauka zamani. Kengele ile inajilinda yenyewe. Betri iliyotulia bila kazi inasoma karibu 12.7 ikiwa imejaa, na karibu 12.2 ikiwa nusu. Ikiachwa chini siku nyingi, salfeti ya risasi iliyotanda kwenye sahani inakuwa ngumu kama magamba ya sufuria ya chai, na sehemu iliyogandamana hivyo haipokei tena umeme.

Nikanunua mita ndogo nikaitundika ukutani, na kazi ya kuisoma nikawapa watoto. Wao ndio walioipa kanuni ya nusu jina lake. Katika kisa kile kile cha punda wa dobi, papa anambeba kima mgongoni kuvuka bahari, na katikati ya maji anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu: ungeniambia mapema! Sisi moyo tunauacha mtini, nirudishe nikauchukue. Tangu hapo mita ikikaribia 12.2, mtoto aliye karibu anapaza sauti, "Moyo uko mtini!" Vitabu vinafungwa. Hata mtu mzima akija na simu yake usiku, anajibiwa hivyo na mtoto wa miaka saba, na hana la kusema.

3. Picha inasomwa na anayeijua bahari

Kisa hiki cha kima kimesafiri kuliko majahazi. Katika Panchatantra ya India anayembeba ni mamba. Ibn al-Muqaffa alipokifasiri kwa Kiarabu katika karne ya nane, ndani ya Kalila wa Dimna, mbebaji akawa kobe. Kilipofika Unguja akawa papa, na ndivyo kilivyoingia katika kitabu cha hadithi za Waswahili alichochapisha Edward Steere mwaka 1870. Mwaka 1901 George Bateman alikitoa Chicago kwa Kiingereza, kikiwa na michoro ya Walter Bobbett.

Ibn al-Muqaffa alikuwa na hoja kuhusu picha ambayo sijaona ikizidiwa. Katika dibaji yake anaeleza kwamba sura za wanyama kwa rangi mbalimbali zitawafurahisha wafalme, na kwa furaha hiyo kitabu kitanakiliwa tena na tena kisipotee, na mchoraji na mnakili wapate riziki. Yaani picha ni betri ya kitabu, ningesema, ila sitaki kuwachosha kwa mifano.

Wachoraji wetu wa leo wangefaa kukaa na watoto wa wavuvi kabla ya kuchora. Kitabu kimoja nilichokinunua kwa fahari kilikuwa na kima juu ya mgongo wa papa, rangi zake nzuri, mawimbi yake mazuri. Mtoto wa nahodha mmoja akakirudisha rafuni. "Huyu pomboo, bibi. Papa mkia wake umesimama. Huyu mkia wake umelala." Nikavaa miwani. Kweli, mkia ulikuwa umelala kama wa pomboo, na macho yalikuwa ya upole. Kuanzia hapo hakuna aliyekiamini kitabu. Kama mchoraji hajui papa, walisema, atajuaje alichosema kima?

Nikawapa madaftari na penseli za rangi wachore wenyewe. Mkusanyiko wetu sasa una madaftari kumi na moja. Papa wao wana mapezi mahali pake, matundu ya mashavu matano, na mmoja ana ndoana iliyokwama mdomoni kwa sababu, mchoraji anasema, "ameshawahi kumponyoka baba."

4. Taa rahisi huiba rangi

Kibatari hufanya kila ukurasa kuwa wa kahawia. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba taa za LED za bei ya chini nazo hudanganya: nyekundu inafifia, kijani kinakuwa majivu. Watoto walibishana jioni nzima kama joho la sungura ni jekundu au la udongo, mpaka asubuhi. Usinunue taa kwa wati peke yake. Dukani iwashe, uweke kiganja chako chini yake. Ngozi ikionekana ya mgonjwa, iache.

5. Chumvi, maji na hewa

Hapa pwani upepo wa bahari hula shaba. Vichwa vya betri vilikuwa vikiota unga mweupe na wa kijani kila baada ya wiki chache, na umeme ukipita kwenye uchafu ule unapungua njiani hata kama jua ni kali. Tenganisha waya, safisha kwa maji ya moto yenye baking soda, kausha, paka grisi. Betri ya kujazwa maji inataka maji ya betri, si ya kisima wala ya bomba, kwa sababu madini yake hubaki ndani. Asidi usiongeze, kinachopungua ni maji. Na chumba kiwe na dirisha: betri ya risasi ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua. Kibatari nilikihamishia jikoni siku ile ile niliyoambiwa.

6. Lithiamu ni kitu kingine, si betri ile ile kwa bei kubwa

Mwaka 2022 betri ya risasi ilichoka. Wanangu wakachanga wakaninunulia ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, volti 12.8, ampea-saa 50. Nilidhani nimepunjwa, nusu ya ile ya zamani! Piga hesabu: ni wati-saa 640, na nne ya tano unaweza kuzitumia bila wasiwasi, yaani 512. Karibu sawa na zile 600 zangu za halali. Ile ya risasi ilibebwa na watu wawili. Hii naibeba mwenyewe kama mtungi mdogo. Na ikitunzwa, hujazwa na kutumika mara maelfu, wakati ya risasi huhesabiwa kwa mamia.

Ila kontrola yangu, kile chombo kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, ilikuwa bado imepangwa kwa risasi, na kontrola za namna hiyo huipandishia betri volti mara kwa mara ili kuvunja magamba ya salfeti. Lithiamu haina magamba hayo, na volti za juu humuumiza asiyezihitaji. Betri ikawa inajifungia yenyewe kila mchana, nasi tukidhani imekufa. Mwambie fundi abadilishe mpangilio kabla hajaunga waya.

7. Betri ikifa, kazi yake haijaisha

Hili naliandika kwa uzito kuliko yote.

Betri yangu ya kwanza ilipokufa, kijana jirani aliniomba risasi yake atengeneze chubwi za mishipi. Nikampa na baraka juu. Akaipasua kwa shoka, asidi akaimwaga chini ya mpapai, sahani akaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu uani, jiko lile lile ambalo mkewe hupikia. Siku chache baadaye mwanawe alikuja kusoma, na aligeuza kurasa kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umeshika chubwi mbili mpya, na mara kwa mara alizigonga na meno kusikia mlio.

Ya pili niliiweka chini ya rafu. Wadogo wakaifanya kigoda.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hushambulia ubongo, uwezo wa kujifunza kwanza, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kule Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikaa ubavuni mwa nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo, aligundua mwanawe mchanga ana risasi mwilini, akaongoza wakazi kupigana, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Niliyasoma haya nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye kile kigoda.

Nimefundisha watoto kusoma miaka thelathini na mitatu. Halafu nikawakalisha juu ya kitu kinachowanyang'anya usomaji.

Betri ya pili na ya tatu nilizipeleka Tanga kwa basi, zimesimama wima ndani ya beseni la plastiki, kwa mnunuzi wa betri chakavu mwenye kibali. Alizipima kwa kilo akanilipa, na fedha hizo zilinunua penseli za rangi. Udongo wa chini ya mpapai tuliufukia kwa mchanga mwingi, mti tukaukata, na mama wa nyumba ile nikamweleza yote, pamoja na sehemu yangu. Uliye na betri chakavu uvunguni, itoe leo: ikae wima, mbali na jiko na watoto, na usimpe mtu wa kuipasua, hata akiwa jirani mwema.