Kuvunja Banda la Maonyesho



Maonyesho ya Saba Saba, barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, yakifungwa mwezi Julai, lori hungoja nje na msimamizi hutaka banda la kiwanda au la shamba la mkonge livunjwe kabla ya giza. Haraka hiyo ndiyo inayotuumiza.

Kwanza tuzime umeme kwenye swichi kuu. Bidhaa zishushwe kuanzia rafu za juu. Tukianza na za chini, kabati hubaki zito kichwani na kutuangukia. Kioo kibebwe na watu wawili, kikiwa kimesimama. Anayefungua skrubu za ukuta awe na mwenzake wa kuushikilia. Glavu tuzidai: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, ya mwaka 2003, yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kibarua wa siku moja naye ana vidole.

Mbao tuzitie namba kwa rangi kabla ya kuzitenganisha, maana chaki hufutika. Misumari ing'olewe, isipindwe tu. Skrubu zitiwe mfukoni, mfuko ufungwe kwenye fremu yake. Ghalani, mbao zikae juu ya matofali, mbali na ukuta. Mchwa hawangoji mwakani. Mapazia yaanikwe kabla ya kukunjwa. Vioo visimamishwe, visilazwe.