Zebaki ya Moshini: Ikamatwe Kabla Haijatoka

Katika somo la mwaka huu nimekusudia kuwaeleza juu ya sumu isiyoonekana, yaani zebaki iliyomo katika moshi wa viwanda. Zebaki mnaijua: ndiyo ile metali ya majimaji inayong'aa ndani ya themometa za zamani za maabara.

Hapa kwetu Masimba moshi tuuonao sana ni wa kuni, wa jikoni na wa viwanda vya chai. Basi huenda mwenzangu akauliza, "Ya nini kujisumbua na zebaki?" Sababu ni kwamba zebaki haina mipaka. Huchemka kwenye nyuzi 357 za selsiasi, na tanuri la makaa ya mawe hupita nyuzi 1,000. Kwa hivyo zebaki kidogo iliyomo katika makaa hayo hugeuka mvuke na kupaa na moshi. Mvuke huo waweza kukaa hewani miezi mingi, upepo ukaupeleka nchi za mbali, kisha mvua ikauteremsha. Ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, sumu kali zaidi. Samaki wadogo huila, wakubwa huwala wadogo, na sumu huzidi kulimbikizana. Ndiyo sababu samaki mkubwa alaye wenzake, kama mbuta, hulimbikiza zaidi kuliko omena. Sumu hii hudhuru ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni.

Sasa tuizuieje? Shikeni jambo moja: zebaki ni elementi, haiungui ikaisha. Tunaweza kuikamata tu, na mahali pa kuikamata ni kabla haijatoka.

Kwanza, kabla ya moto. Kuyaosha makaa ya mawe hupunguza zebaki kiasi. Kutoyachoma kabisa huimaliza.

Pili, ndani ya moshi. Hupuliziwa humo unga wa makaa maalum wenye vitundu vidogo vidogo. Zebaki hunata kwenye unga, na mifuko ya kuchuja huunasa. Pia moshi huoshwa kwa maji ya chokaa, yakachukua ile zebaki inayoyeyuka majini.

Tatu, majivu. Zebaki iliyonaswa imo humo, kwa hivyo yasitupwe ovyo mvua ikayasomba.

Hebu tazameni Marekani: kati ya 2010 na 2017, zebaki kutoka mitambo ya umeme ya makaa ya mawe ilipungua kwa asilimia 86, kwa vifaa kama hivi na kwa kufungwa kwa mitambo mikuukuu.

Wengine hudhani bomba refu latosha. La hasha! Bomba refu huihamisha sumu tu, halipunguzi hata tone. Kule Lamu, mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi. Mnamo Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni yake, kwa kuwa, pamoja na sababu nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kumbe hata kuuliza maswali mapema ni njia ya kuzuia!

Karibu nasi zaidi, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori hushikanisha dhahabu na zebaki, kisha huchoma donge hilo. Hapo hakuna bomba la moshi, lakini kanuni ni ile ile. Donge likichomwa ndani ya chungu cha chuma kilichofunikwa, chenye mrija wa kupoza mvuke, zebaki hurudi kuwa majimaji, ikatumika tena badala ya kuingia mapafuni.

Kenya iliuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2023. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako maji machafu ya kiwanda yaliwasumisha walaji samaki. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Zoezi
1. Kwa nini bomba refu si dawa ya zebaki?
2. Eleza kazi ya unga wa makaa maalum katika moshi.
3. Kwa nini mtu wa Masimba ajali moshi wa mbali?