Kuutazama Mwamba wa Kolo: Mstari, Rangi na Mpangilio katika Michoro ya Kondoa

Anayetoka Dodoma kwenda Babati hupita Kondoa, na kaskazini mwa mji huo hukuta kijiji cha Kolo. Vilima vilivyo juu ya kijiji vina majabali yaliyoinama kwa mbele, na chini yake pana kivuli na kuta za mawe zisizofikiwa na mvua kwa urahisi. Kwenye kuta hizo wamechorwa twiga, pofu, tembo na watu wembamba wenye vichwa vikubwa. Mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo hayo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lote lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na vibanda vya miamba vyenye michoro vinazidi 150.

Wageni wengi hutazama, huhesabu wanyama, hupiga picha na kushuka. Inasikitisha, kwa sababu mwamba wa Kolo ni darasa zuri kuliko yote nchini la kujifunzia misingi ya uchoraji. Kila jambo linalofundishwa leo kuhusu mstari, umbo, rangi, nafasi, uwiano na mdundo liko pale, limefanywa na watu waliojua wanachokitaka.

Mstari ndio mwanzo. Michoro ya zamani zaidi ni myekundu, na mingi imechorwa kwa mistari myembamba mno. Kiwiliwili cha mtu hushuka kwa michirizi iliyo sambamba, miguu inakuwa myembamba kama vijiti, kisha juu mchoraji anafungua kichwa kipana chenye nywele au pambo. Mstari mmoja uliopinda kidogo unatosha kuonyesha kwamba mtu anainama, anacheza au anakwenda. Hakuna kivuli kilichopakwa wala uso wenye macho na pua, lakini mwendo unaonekana.

Hapo ndipo watu hukosea kuhusu uwiano. Wakiona binadamu aliyerefushwa hivyo, husema watu wa kale hawakujua kuchora. Ushahidi wa kupinga kauli hiyo uko kwenye kuta hizohizo: wanyama wengi wamepewa shingo, mgongo na pembe kwa vipimo vinavyokaribia uhalisi, hata mfugaji au mwindaji anaweza kumtambua pofu bila kuambiwa. Aliyeweza kumpata pofu hivyo hakushindwa kumpata jirani yake. Kumrefusha mtu kulikuwa uamuzi.

Mchoro mmoja wa Kolo unajulikana kuliko mingine. Una watu watano: mmoja yuko katikati, na wawili kila upande wanamshika au kumvuta. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyefanya kazi Kondoa mwaka 1951 pamoja na mumewe Louis, aliuona kama tukio la utekaji. Watafiti wengine wameisoma michoro ya namna hii kwa kuihusisha na ngoma za uganga, kama simbo ya Wasandawe wanaoishi jirani. Mjadala huo haujaisha, na mtazamaji hahitaji kuusubiri uishe. Aangalie jinsi mikono ya wote inavyolipeleka jicho katikati. Hiyo ndiyo kanuni ya mkazo: mchoraji anachagua mahali jicho litakapofikia kwanza, kisha anaielekeza mistari yake yote huko. Aangalie pia urari, yaani namna uzito wa wawili upande huu unavyokabiliana na uzito wa wawili upande ule.

Rangi nyekundu ilitokana na ngeu, udongo wenye madini ya chuma, ambao hauchuji upesi kwa jua. Baadaye ikaja nyeupe. Michoro myeupe, ambayo kwa kawaida huhusishwa na wakulima wazungumzaji wa lugha za Kibantu, inaonekana vizuri katika kijiji cha Pahi, na mahali pengine imepakwa juu ya ile myekundu. Mkono wake ni tofauti kabisa. Mistari ni minene, mara nyingi ya upana wa kidole, na maumbo yake ni mazito: duara, wanyama waliorahisishwa, alama za kijiometri. Nyeupe kwenye jiwe jeusi huonekana kutoka mbali kwa nguvu ya utofautishaji, ilhali nyekundu nyembamba humtaka mtu asogee karibu. Kanuni hiyohiyo iko kwenye bendera ya Taifa: mkanda mweusi unaopanda kwa mshazari ungezama kati ya kijani na buluu kama usingepakana na michirizi ya dhahabu.

Kuhusu mdundo, Mgogo wa Dodoma hahitaji kuelezwa sana. Wanawake wanapopiga ngoma ya muheme, pigo hurudi, hubadilika kidogo, kisha hurudi tena. Ndivyo ilivyo michirizi sambamba ndani ya miili ya Kolo, na ndivyo zilivyo safu za watu wanaofanana lakini hawalingani.

Nafasi inasumbua zaidi macho ya leo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao na rangi za mafuta. Ubao una pembe nne, na mchoraji hupanga mnyama wake kwa kuzifuata. Mwamba hauna fremu. Hakuna mstari wa ardhi, na michoro ya vizazi tofauti imepandana. Mipaka ni nyufa, vibonyeo na mwinamo wa jiwe lenyewe. Mary Leakey na wenzake walinakili takriban michoro 1,600 kwa kuweka karatasi angavu juu ya mwamba, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1983 ni hazina. Hata hivyo nakala hubeba mstari na kuuacha ukwaru wa jiwe. Kipengele hicho hupatikana Kolo tu.

Jiwe hilo bado linatumika. Mungomi wa Kolo ni mahali pa matambiko ya mvua na uponyaji kwa Warangi, na mgeni anapaswa kuingia kwa heshima kama anavyoingia mahali pengine pa ibada. Hatari iko kwingine. Wapo wanaomwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha, na maji hayo huharibu rangi. Wapo wanaoshika kwa mikono yenye jasho, au kuchora majina yao kwa mkaa. Wengine wamechimba sakafu ya vibanda wakitafuta dhahabu inayosemekana kufukiwa na Wajerumani, na kila shimo huvuruga tabaka za udongo ambazo watafiti wanazihitaji ili kukadiria ni lini watu waliishi hapo.

Safari huanzia kwenye kituo cha Mambo ya Kale kijijini Kolo, ambako mgeni hupata mwongozaji. Njia ya Mungomi ina mwinuko mkali, hivyo ni vyema kupanda asubuhi. Mwalimu anayepeleka wanafunzi awape kila mmoja penseli na karatasi, wasimame mbali na ukuta, wachague mchoro mmoja tu, wauchore mara mbili: kwanza mistari yake, kisha nafasi tupu inayouzunguka.